Mashine Inazima Benon Akipiga

...na kama angetazama chini mara moja tu, aache kuhangaika na hivyo vyuma vyake achungulie chini ya meza, angeona kila kitu na mambo yangeishia hapo hapo, lakini hachungulii, watoto waliokulia kambi ya askari wamezoea kutazama mbele, na Musoki akaokota punje mbovu ya kahawa kwenye ungo, akaitupa kando, akausogeza mguu wake wa kulia taratibu mpaka kidole gumba kikaigusa ile ekstensheni nyeupe sakafuni, hakusukuma, aligusa tu kujua kwamba ipo, maana leo haifai kukosea, leo ndiyo siku yenyewe, Benon alisema kwa kinywa chake mwenyewe, kwa simu, Jumapili iliyopita baada ya picha kukatika, sauti ikiwa imemkauka kwa hasira huko jeshi lilikompeleka, alisema mama, ikizima tena nikiwa napiga, mara moja tu, huyo mwanamke akusanye nguo zake arudi kwa baba yake kambini, na mtoto abaki hapo kwako... abaki kwako, maneno mawili tu, na Musoki amekaa nayo wiki nzima, ameyapeleka sokoni na kurudi nayo, ameyalalia, na sasa zimebaki dakika tu, jua limepita utosini, Benon hupiga watu wakishakula, na masufuria yako nje yamelowekwa. Huyu naye, Lakot, mke wa mwanawe, amesimama amejikunja juu ya meza, kompyuta imelazwa ubavu na kufunguliwa tumbo, bisibisi iko mdomoni, jasho linamtiririka shingoni, na simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari ikipayuka kwa sauti kubwa, ni yule fundi wa Kasese mjini, Twaibu, anayejua kuongea kuliko redio na kumwita kila mwanamke nyabo, “Umefungua, nyabo?” na Lakot anatoa bisibisi mdomoni, “Nimefungua,” “Unaona nini?” “Vumbi. Vumbi mingi sana, ya kahawa,” na Musoki nusura acheke, vumbi la kahawa, si ndiyo, alitaka liwe vumbi la nini, nyumba nzima ni kahawa, turubai limetandazwa kutoka mlangoni mpaka kwenye miguu ya viti, magunia yamesimama ukutani mpaka dirishani, Bwera yote inalaza kahawa ndani ya nyumba msimu huu, ukiiacha nje usiku mvua inakula na wezi wanakula, kila mtu anajua hivyo isipokuwa binti wa askari, aliyefika hapa siku ya kwanza na kisanduku chake akasimama mlangoni na kusema, “Mama, sasa tutalala na kahawa?”... tutalala na kahawa, ndiyo, na usiyeweza kulala nayo, barabara ndiyo ile, inakwenda Kikorongo, mabasi yanasimama, chagua lako.

Kahawa hiyo ndiyo iliyomfanya Benon awe mtu, hilo nani amwambie huyu binti, kahawa iliyoteremka kutoka Kyarumba kichwani pa Musoki, kwenye vile vijia vya mteremko ambavyo mvua ikinyesha vinageuka sabuni, gunia kichwani, Benon mgongoni, na mumewe Tsongo, Mungu amrehemu, akitangulia na jembe bila kugeuka nyuma, na ukucha wa kidole hiki hiki gumba uling'oka kwenye jiwe la njia ile na haukuota tena, shingo yake mpaka leo haigeuki vizuri upande wa kushoto, na yote hayo hakuyahesabu, hakumdai mtu, alichotaka ni mwanawe akiwa mkubwa amtazame, basi, amtazame tu... akaleta kompyuta. Aliileta mwenyewe likizo ya mwisho, meza nzima, skrini, sanduku, kamera ya kubandika juu, akasema simu inaonyesha uso peke yake, mama, hii itanionyesha nyumba yote, na Musoki akafurahi kama mjinga, akawaambia wanawake wenzake sokoni kwamba mwanangu anataka kuiona nyumba yangu yote, na siku ya kwanza alipopiga akavaa gomesi ya kanisani, akajipaka mafuta, akakaa mbele ya kamera mgongo umenyooka, na uso wa Benon ukatokea mkubwa, mweusi, mzuri, na meno yake yale, na neno la kwanza alilosema, la kwanza, kabla hata ya kuuliza mama umeamkaje, lilikuwa “Mama, sogea kidogo, nimuone Lakot”... sogea kidogo. Akasogea. Alisogea na kiti chake mpaka akatoka kwenye picha, akakaa hapa hapa alipokaa sasa, pembeni mwa meza, na ungo wake, akiwasikiliza wakicheka kwa Kiswahili cha kambini na Kiingereza, na alitambua kwamba mwanawe haangalii nyumba, anamkagua mke, anataka kuona kona zote za chumba kama kuna kiatu cha mwanamume, na hata wivu huo, hata ule ubaya wake, Musoki aliuonea wivu, maana hakuna mtu aliyewahi kumpenda yeye mpaka akamtegea kamera. “Nyabo, chukua brashi ya rangi, pangusa polepole, usiguse ile kibao ya kijani na mkono wa maji,” anasema Twaibu, “Brashi haiko, niko na unyoya ya kuku,” “Tumia hiyo,” na Lakot anapangusa kwa unyoya, ganda la kahawa linaruka, anapiga chafya, hana hata haya ya kugeuza uso, angepiga chafya hivyo mbele ya mama yake? Mama hana, mama yake alikufa huko kambini, na baba ameoa mwingine ambaye hata chumba hana cha kumpa, anasema mwenyewe wakati mwingine akiosha vyombo, mama mimi nikitoka hapa sina kwa kwenda, anasema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, na Musoki huitikia “Mmh,” na kuliweka neno hilo akiba.

Kwanza ilizima yenyewe, hilo lazima lisemwe, si yeye aliyeanza, mashine ndiyo iliyomfundisha... Benon akiwa katikati ya kucheka skrini ikageuka buluu, maandishi meupe ya Kiingereza yakajaa, halafu giza, halafu ikaanza kujiwasha polepole kama mgonjwa, na ilipowaka, Benon alipopiga tena, uso wake haukuwa ule, “Kwa nini umezima?” akamuuliza mkewe, “Sijazima, imezima yenyewe,” “Taa inawaka nyuma yako, naiona, umeme upo, kwa nini umezima?” na Musoki pembeni akainua kichwa kutoka kwenye ungo, akahisi kitu kitamu kikipita kooni, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu ndoa ile sauti ya mwanawe ilikuwa mbaya kwa mtu mwingine na si kwake, na mara ya pili ikazima tena yenyewe, na Benon akasema, “Mpe mama simu,” na mama akapewa simu, na kwa muda mrefu, mrefu kuliko siku zote, mwanawe akaongea na yeye peke yake, “Mama, niambie ukweli, kuna mtu anakuja hapo?” na angeweza kusema hakuna, ilikuwa rahisi, hakuna, mwanangu, mke wako anashinda akifua na kulea, lakini akasema, “Mimi iko mutu muzee, Benon, mimi nalala mapema, sijui,” na hakudanganya, analala mapema. Halafu huyu mtundu akaitengeneza! Twaibu alimwambia toa kile kijiti wanachokiita ramu, futa meno yake kwa raba ya penseli, rudisha, na akafuta, akarudisha, na ikapona, ikakaa wiki bila kuzima, Benon akapiga, wakacheka, “Pole mke wangu, nilikasirika bure,” pole mke wangu... na Jumapili iliyofuata Musoki alikuwa amekaa hapa hapa, amenyoosha mguu, na kidole kikagusa plagi kwenye ekstensheni, plagi iliyolegea kidogo kwenye tundu lake, na kikasukuma. Kidogo tu. Upande. Kikarudisha. Skrini ikawa nyeusi. Hakuna aliyetazama chini. Akasubiri apigiwe kelele, na kelele ikaja kweli, lakini ikamshukia mwingine.

“Sikia, tuhesabu tena,” anasema Twaibu, “ramu tulifuta, sawa, pawa saplai ulikuja ukachukua kwangu, sawa, windo tulipiga mpya, sawa,” na Lakot anaitikia sawa, sawa, na Musoki anaokota punje, hiyo windo mpya asiitaje, hiyo asiitaje kabisa mbele yake, maana siku ile Lakot alikuja jikoni akauliza kwa adabu, amepiga magoti kama anavyopaswa, “Mama, fundi anasema tufute vitu vyote ndani, kuna kitu yako tuweke pembeni?” na Musoki alikuwa anakoroga ugali, ana hofu, alidhani anategwa, alidhani akisema lolote kuhusu mashine atajulikana, akasema haraka, “Haiko kitu yangu mule,” na vyote vikafutwa, na usiku wake ndipo akakumbuka picha za Tsongo, zile Benon alizozitoa kwenye simu ya zamani akaziweka mule zisipotee, Tsongo na kofia yake, Tsongo akicheka na mbuzi, Tsongo siku tatu kabla hajafa akiwa amekaa jua la asubuhi... hakuna nyingine popote, hakuna hata moja, na alilia peke yake kwenye giza, kahawa ikinuka pande zote, na asubuhi alimchukia Lakot kwa hilo zaidi ya mengine yote, yeye ndiye aliyebonyeza, mkono wake ndio uliofuta, na ukimwambia Musoki kwamba kidole chake mwenyewe ndicho kilichoanzisha atakuambia nenda zako, anajua, anajua vizuri sana, na kujua hakumsaidii, kunamwongezea chuki tu. “Sasa niambie kitu,” anasema Twaibu, na sauti yake imebadilika, imekuwa ya polepole, “ikizima, taa ya nyumba inabaki?” “Inabaki,” “Inazima lini? Ukiwa unafanya nini?” na Lakot anasimama wima, unyoya mkononi, anafikiri, Musoki anamwona akifikiri, ule mkunjo kati ya nyusi, “Juzi niliwasha asubuhi mpaka jioni, haikuzima. Nikacheza muziki, haikuzima. Inazima Benon akipiga,” na nje kuku anakwaruza, na Twaibu anasema, “Nyabo, mashine haijui nani amepiga. Ile ni chuma. Mashine si mutu ya kuchukia bwana yako. Nani anakuwanga hapo karibu akipiga?” na Lakot anasema, “Mimi... mtoto wangu Masika... na mama,” na vidole vya Musoki vikasimama juu ya ungo, punje moja katikati, na hakuinua macho, alihisi tu kwamba juu ya kichwa chake kuna macho yanayotua, yanaondoka, yanatua tena, na chini ya meza kidole gumba kikajikunja chenyewe na kurudi nyuma, na akasema, alishangaa jinsi sauti ilivyotoka nzuri, ya kichovu, ya mama aliyechoka, “Ni hii kahawa, mama Masika. Mimi minasemaka kila siku, vumbi ya kahawa inaingia mule ndani inaziba. Hata mutu ukimuziba pua atakufa,” hakuwahi kusema hivyo hata siku moja, lakini nani atakumbuka, na Twaibu, Mungu ambariki, fundi wa watu, akadakia pale pale, “Eeh! Mama anasema ukweli! Video inachemsha mashine, nyabo, muziki haichemshi, lakini video ya kupiga inachemsha, feni ikizibwa inapata moto inazima, banange, mama amekushinda!” na wote wawili wakacheka, simu na mke wa mwanawe, na Musoki akacheka pia, akatupa punje.

Ila kuna mmoja ambaye hakucheka, na huyu ndiye anayemnyima usingizi, Masika, mjukuu wake, amekaa chini ya meza kwenye turubai, uchi kuanzia kiunoni kwenda chini, anahamisha kahawa kutoka mkono huu kwenda huu, na macho yake yako kwenye mguu wa nyanya yake, yamekuwa hapo tangu mwanzo, anakitazama kile kidole kisicho na ukucha kama anavyotazama kifaranga, akingoja kifanye mchezo wake... ameona. Ameona yote. Mtoto huyu ameona Jumapili zote, na asante Mungu hajui kusema, ana maneno manne, nyanya, maji, hapana, na jina la mbwa, lakini wiki iliyopita yalikuwa matatu, kila wiki linaongezeka moja, na Musoki anayasubiri yale maneno kwa hofu, kidole, mguu, nyanya amefanya, na kwa hiyo leo ndiyo siku, leo Lakot aende, kabla mtoto hajajifunza kusema, na akishaenda mtoto atajifunza kusema kwa Lhukonzo peke yake, lugha ya huku, kwa mdomo wa nyanya yake, na atasema yale atakayofundishwa. “Kama huna ile dawa ya kupaka juu ya prosesa tumia kolgeti,” anasema Twaibu, na Lakot anakamua dawa ya meno juu ya chuma, anaisambaza kwa ncha ya kisu, anarudisha feni, anakaza skrubu moja, ya pili, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, na mikono yake mirefu ile ya watu wa kaskazini inajua inachofanya, hilo hata Musoki analikubali, ingekuwa binti wa mtu mwingine, ingekuwa mke wa mwana wa mtu mwingine, angemsifu kila mahali... anafunga mlango wa sanduku, anachomeka waya nyuma, na kabla hajawasha anafanya jambo ambalo Musoki hakulitegemea, anazunguka meza, anakuja upande huu, na anapiga magoti mbele yake, juu ya kahawa, magoti wazi juu ya punje ngumu zile, anainamisha kichwa, “Mama, unisamehe,” anasema, “nini tena,” anasema Musoki, na Lakot, bado ameinama, “Mimi ilikuwa nafikiria vibaya juu yako. Nilifikiria ni wewe. Hata jana nilitaka kumuambia Benon, nikasema huyo ni shetani, nitapata nini kumsema mama wa mtu. Unisamehe, mama. Mimi sina mama mwingine,” na analia, mjinga huyu, machozi yanadondoka kwenye kahawa iliyokauka, na Musoki anautazama utosi wake, nywele zimesukwa vibaya, amejisukia mwenyewe, hakuna wa kumsuka, na aibu ikampiga kweli, isiwe watu waseme Musoki hana moyo, ilimpiga usoni kama mvuke wa sufuria, akataka kusimama, akataka kwenda nje, na aibu ilipozidi ikageuka hasira, anathubutuje huyu kunionea huruma, na hasira ilipopoa kilichobaki chini yake kilikuwa kitu kingine ambacho hakukijua jina, utulivu, raha, kama kuvua gunia kichwani baada ya mteremko wote, mtu amepiga magoti mbele yake na analia na anaomba, na hakuna mtu, si Tsongo, si Benon, hakuna mtu yeyote katika maisha yake yote aliyewahi kupiga magoti mbele ya Musoki akimaanisha. Akaweka mkono juu ya ule utosi. “Simama, mutoto yangu,” akasema. “Yamekwisha.” Na akashangaa kuona kwamba mkono hautaki kuondoka.

Mashine ikawashwa, ikanguruma vizuri, feni inalia nyembamba na safi, “Naisikia!” anapiga kelele Twaibu, “hiyo feni ni ya wazima!” na skrini ikaleta rangi, ikaleta lile duara linalozunguka, na Lakot amejifuta uso kwa kanga, anacheka na kulia, anamwambia Musoki, “Mama, leo ukae mbele, wewe ukae kwenye kiti, Benon akuone kwanza,” na anavuta kiti, anakipangusa, na Musoki anafikiri haraka, hajawahi kufikiri haraka hivi, kwamba akikaa mbele mguu hautafika, akikaa mbele haitazima, na ikiwa haitazima basi huyu anabaki, na je... je akibaki? akibaki amepiga magoti? na alikuwa bado ana ungo mapajani, bado hajajibu, wakati skrini ilipokufa. Giza. Feni ikazimika kwa mshuko mrefu. Taa ya juu inawaka. Na mguu wa Musoki uko huku, umejikunja chini ya kigoda, hakugusa, wallahi hakugusa, akatazama chini kwa mara ya kwanza pamoja na Lakot, wote wawili wameinama kwa wakati mmoja, na chini ya meza Masika amekaa amenyoosha mguu wake mdogo, kidole gumba kimekaa kwenye plagi, anasukuma upande, anarudisha, anasukuma, na uso wake umejaa furaha, anamtazama nyanya yake asifiwe, “Nya-nya,” anasema, “Nyanya!” na anaonyesha kwa kidole cha mkono, mguu wake, halafu mguu wa Musoki, halafu mguu wake. Kinywa cha Musoki kilifunguka, na alikuwa anakwenda kusema, hilo Mungu analijua, neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, ni mimi, mtoto ameniona mimi... “Ni wewe!” akapiga ukelele Lakot, “Ni wewe! Siku zote hizi ni wewe!” na akamvuta mtoto kwa mkono mmoja kutoka chini ya meza, akavua lapa, akampiga kwenye mapaja, akampiga tena, na kipigo hicho hakikuwa cha mtoto, kilikuwa cha Benon, na cha majirani walioambiwa kwamba ana mwanamume, na cha usiku wote aliolala akihesabu nguo zake, na mtoto hakulia mara moja, alishangaa kwanza, alimtazama nyanya yake kwanza, halafu ndipo sauti ikatoka, na Twaibu kwenye kopo la sukari anacheka mpaka anakohoa, “Kumbe ni kale katoto! Nyabo, mimi nimekuuzia pawa saplai bure!” Na neno lililokuwa kwenye ulimi wa Musoki likarudi lilikotoka. Lilirudi lenyewe, hakulivuta, na hakuna kilichotokea, paa halikuanguka, moyo ukaendelea kupiga kama kawaida, akajua yeye mwenyewe ni mtu wa namna gani, na kumbe inawezekana kujua hivyo na bado mikono ikaendelea kushika ungo isimwage hata punje.

Mtoto amejinasua, amekuja mbio juu ya kahawa akiteleza, ameinua mikono yote miwili, kwake, si kwa mama yake, kwake, na Musoki ameweka ungo chini, amempokea, amemkandamiza kifuani, mapaja yana alama nyekundu za lapa na yana moto, kamasi na machozi vinamlowesha shingo upande ule mbaya usiogeuka, na mikono midogo imemkaba kama mtu anayezama, na hakuna aliyewahi kumshika hivi tangu Benon alipoachishwa ziwa... na Lakot amekaa chini, lapa mkononi, “Mama, nimempiga sana,” anasema, “nimempiga mtoto wangu, nitamwambia Benon nini,” na Musoki anasema, “Mimi nitamuambia. Nitamuambia muke yako haiko na kosa, ni mutoto alikuwa anacheza,” na Lakot anamtazama kwa macho ambayo mtu hutazama nayo msalaba, “Asante, mama,” anasema, “asante sana, mama,” na anajikokota kwenda kukaza plagi na kuwasha upya, na Musoki akawatazama wote wawili, huyu aliye kifuani na yule aliyeinama, na akaona wazi jinsi alivyokuwa mpumbavu wiki nzima na maneno yake ya abaki kwako... aende wapi? akienda, nani atapiga magoti? akienda, nani atampiga mtoto ili mtoto amkimbilie nyanya yake? mtoto asiyepigwa na mama ana haja gani na nyanya... hapana, Lakot haendi popote, atabaki hapa hapa, atazeeka hapa akitengeneza, na mashine itapona, itakaa wiki, itakaa wiki mbili, halafu Jumapili moja itazima, na kila mtu atajua ni nani, hata yeye Masika mwenyewe, akishajua kusema, akisema ni nyanya, watamwongezea kipigo kwa kusingizia wakubwa. Akahisi furaha, akaihisi na akaiacha imjae. Skrini imeleta rangi, duara linazunguka, taa inawaka juu, fundi amekata simu, na kahawa inanuka, na Benon bado hajapiga, na Musoki amepeleka mdomo kwenye sikio dogo lenye joto, anamnong'oneza mtoto kwa Lhukonzo, lugha ambayo binti wa kambini hajajifunza, anamnong'oneza polepole, mara moja, mara mbili, ili lishike, mama yako hakupendi, mimi ndiye ninayekupenda, mama yako hakupendi, na kilio cha mtoto kinaanza kushuka, anasikiliza.

“Unamwambia nini, mama?” anauliza Lakot, bila kugeuka, anatabasamu na skrini.

“Namuambia anyamaze,” anasema Musoki. “Namuambia baba yake iko karibu kupiga.”